Siku ya Nne

Sheria imenipa siku tatu.
Ya kwanza iliishia kwenye benchi la hospitali, Temeke,
nimeshika kandambili za Mwajabu mkononi
kama mtu aliyeokota kitu, hajui amrudishie nani.
Ya pili ikaenda na ndoo: maji, sabuni ya mche,
vitambaa kumi na vinne kwenye kamba. Nikavihesabu
kwa mazoea, kama makontena.
Ya tatu nililala nusu saa, nikaota nimechelewa.

Leo ya nne. Bado hana jina.
Jina litakuja siku ya saba, mbuzi akipatikana.
Mama mkwe, Bi Siwatu, yuko jikoni tangu alfajiri
anachemsha maji ya kukanda, akaniambia bila kugeuka:
"Nenda. Hapa wewe unaziba hewa tu."
Mwajabu akacheka, akashika tumbo;
kucheka bado kunamuuma.
Nikatoka na kicheko hicho na maumivu hayo,
sijui kipi nimekibeba mkono upi.

Getini Kurasini, mashine ikaninyima.
Naweka kidole. Jaribu tena.
Nafuta kwenye suruali. Jaribu tena.
Chausiku, mlinzi, akakigeuza kwenye mwanga:
"Sabuni imekula alama. Hapa hujulikani, baba.
Andika kwenye daftari."
Nikaandika jina. Nikaandika saa.
Nafasi ya sababu ya kuchelewa ni fupi mno.
Nikaweka kistari.

Kazi yangu mzani wa malori.
Lori linapanda, naandika. Linashuka, naandika.
Shaba, tani arobaini na nane na ushei.
Mbolea. Mbolea. Mtambo usio na jina, umefunikwa turubai.
Mzani wenyewe unaruka kwa ishirini ishirini,
kilo tano sita kwake si kitu, haziamshi namba.
Na mimi nina kilo mbili na gramu mia tisa,
nesi kaziandika kwenye kadi kwa wino wa buluu,
nimezirudia njia nzima tangu Mtoni,
mia tisa, mia tisa,
kama mtu aliyetumwa dukani akiogopa kusahau.

Dereva mmoja, Sikazwe, akashuka kufuata risiti.
"Macho yamefanyaje?"
Nikamwambia.
"Wa kike?"
Wa kike.
Akanyamaza, injini ikiunguruma nyuma yake.
"Wangu alianza kutembea nikiwa foleni, Tunduma.
Nilimwona kwenye simu. Chaji ikakata
akiwa hatua ya tatu."
Akaikunja risiti mara nne, ikawa ndogo kama kidonge,
akapanda. Sikujua niseme nini. Nikasema, "Lori lijalo!"

Saa saba mchana yadi ikapoa.
Nikatoka kibandani, nikasimama katikati ya bamba la chuma,
peke yangu, jua utosini,
bega la kushoto likinuka maziwa yaliyochacha.
Chausiku akachungulia kwenye kioo, akapaza sauti:
"Sitini!"
Nikaona haya, nikashuka.
Jana usiku, nikiwa nimempakata,
ningekuwa sitini vilevile.

Meneja akapita na funguo zake.
"Hongera, Kibwana. Mungu amkuze.
Leo kuna malori kumi na moja ya ziada."

Nimefika nyumbani saa tatu usiku. Umeme hakuna.
Bi Siwatu anasinzia ameketi, kibatari miguuni.
"Alikuwa anakuulizia," ananong'ona.
Uongo wa watu wazima, nikaupokea kwa mikono miwili.
Mwajabu amelala kinywa wazi, sijawahi kumwona
akilala hivyo, kama aliyeangushwa.
Nikapenyeza kidole chini ya chandarua, kilekile cha asubuhi,
na yule asiye na jina, usingizini,
akakikamata.

Siwezi kunyanyuka. Mgongo unauma.
Ugali unapoa chini ya kawa.
Viatu sijavua.