Kumi na Sita, Isizidi

Ochwo aliniletea redio ya babake ndani ya blanketi,
ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Chomeka tu, dada, tuone.
Kwa redio hizi, nikamwambia, hatuoni kwa kuchomeka.

Duka langu liko nyuma ya stesheni ya Tororo.
Vumbi la saruji hukaa juu ya kila kitu,
hata juu ya hii vali ya kioo
niliyoifuta kwa shati kuukuu hadi namba ikasomeka.
Ndiyo mnyoosha umeme.
Ule wa Jinja unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi,
mara hamsini kwa sekunde, hauna msimamo;
vali huupitisha upande mmoja,
kama lango la Malaba siku ya mgogoro.

Akatoa mfukoni kapasita aliyoinunua Kampala,
nene kama betri ya tochi: maikrofaradi mia.
Kubwa ndiyo bora, muungurumo utakwisha.
Kapasita ni kiu, nikasema.
Hiyo yako, kila ukiwasha, itataka kujaa kwa funda moja;
cheche itaruka ndani ya kioo
na transfoma itafuata, na transfoma hii haina ndugu sokoni.

Hakuamini.
Nikageuza sanduku. Chini ya utando wa buibui, kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika saa za treni:
*Kumi na sita. Isizidi. Obbo, 1961.*
Ochwo akausoma mara mbili,
akarudisha yake mfukoni bila neno.

Tulikuwa tumekwisha kuijaribu nyumbani, akakiri, jana usiku.
Basi nikaweka mkono wa kushoto mgongoni,
nikachukua rezista yenye mshikio mrefu, nikagusisha, nikangoja.
Kuchomolewa si kufa.
Mwalimu wangu alikuwa na kidole kisichojua chai ya moto.

Jioni, kapasita mpya ya kumi na sita mahali pake,
nikaiwasha kupitia balbu ya wati sitini.
Balbu ikang'aa, ikafifia. Ingebaki inang'aa, ningechomoa.
Tukazima taa ya duka, tukachungulia:
uzi rangi ya chungwa, sahani nyeusi.
Sahani ikiwa nyekundu usiulize kwa nini,
zima, ndipo uulize.

Stesheni za Obbo hazipo tena hewani.
Kulikuwa na mchakacho tu,
kama mtu anayekaanga karanga chumba cha pili.
Nikanyoosha mkono kuzima.
Ochwo alikuwa amekwisha kuvuta kigoda.