Ala Tupu

Nilipanda bodaboda hadi Igombe
kwa fununu ya kisu chenye kichwa cha simba.

Kazi yangu saa: meza moja Makoroboi, chini ya mwavuli.
Ugonjwa wangu ni sime fupi za mabaharia,
zile za kuning'inia kiunoni katika meli za zamani.
Ninazo tatu. Ya kweli moja.
Ya kwanza niliinunua kwa macho;
nyumbani sumaku ikaing'ang'ania "shaba" yake kama kupe.
Ya pili, nanga haikuviringishwa kamba,
na mpini, nilipougusa kwa sindano ya moto,
ulinuka sahani ya plastiki.

Nkwimba Lushinge alikuwa anageuza dagaa juu ya nyavu.
"Hicho hapo," akaonyesha kwa kidevu.
Kimechomekwa kwenye kiroba.

Nikavaa kioo cha jicho.
Simba amefutika uso, kabaki paka anayesinzia.
Mpini ngozi ya papa, punje kwa punje,
waya wa dhahabu umesalia mizunguko minne.
Papa! Kwenye ziwa lisilo na papa.
Kitufe bado kinabonyea,
tik,
kama saa iliyopona.

Lakini bapa, jamani, bapa!
Pa taji na nanga na matawi ya majani
pana mng'aro mtupu wa jiwe la kunolea.
Miaka arobaini ya sangara:
mama yake alianza, yeye akaendeleza.

"Mmeifuta bei," nikamwambia.
"Kiliua wangapi?"
Nikasema ninavyojua: pengine hata mmoja.
Walimtundikia mvulana wa miaka kumi na mitano
ili akipita aitwe bwana.

Akacheka mpaka jirani akachungulia.
"Kumbe kilizaliwa hapa!
Huko kilikotoka kilikuwa hereni."

Hakuuza.
Aliniuzia ala, elfu thelathini:
ngozi nyeusi iliyokakamaa, pete mbili,
ncha ya shaba iliyobonyea.
Watoto walikuwa wanaitilia ndoana.

Usiku, taa ya mezani, mswaki na mafuta ya nazi.
Naitikisa, kimya. Naingiza kidole.

Ndoana moja ilisahauliwa humo.

Nimekaa na silaha miaka kumi na tisa,
nazipangusa, nazipima, naziandika daftarini.
Leo ndiyo mara ya kwanza
nanyonya damu kidoleni,
na ina ladha ya dagaa.