Kiambatisho cha Nne

Ofisi yetu ipo Wete, ghorofani,
juu ya duka linalouza misumari kwa kilo.
Kibao kinasema: Kituo cha Utafiti wa Usalama wa Taifa.
Fundi alikosea vipimo,
neno "Taifa" limebanwa pembeni
kama mgeni wa shughuli aliyekosa mkeka.

Hatuna bunduki. Tuna printa inayotafuna karatasi,
ramani ya Pemba yenye doa la chai pale Kojani,
na watu wanne wanaolipwa kuwaza jambo
kabla halijapata jina.

Kazi yangu ni kuuliza.

Nilishuka Micheweni na madodoso sitini.
Hodi ya kwanza. "Nani?" "Mtu wa usalama."
Nikasikia komeo likishuka.
Mlango wa pili haukuwa na komeo,
ukaegemezwa kinu.
Wa tatu nikabisha kwa jina la mama yangu:
"Mie Mgeni, wa Bikombo Shaame, wa Konde."
"Aa, wa Konde! U salama?"
"Salama."

Neno lile lile, jamani,
kinywani mwangu lilikuwa pingu,
kinywani mwake kata ya maji.

Ni Mize Faki, mgonga kokoto,
vidole kavifunga vipande vya mpira wa baiskeli.
Nikasoma swali la saba kama lilivyochapwa:
"Katika miezi kumi na miwili iliyopita, ni kitisho gani..."
"Kitisho ndo nini?"
"Kinachokuondolea usingizi."
Akagonga jiwe. Akagonga jingine.
Akainuka, akanitilia maji kikombe cha bati.
"Kunywa."

Chumvi.

"Mwaka juzi yalikuwa matamu. Bahari inakuja kwa chini,
haipigi hodi, haisemi ni ya nani.
Bonde la mpunga limekufa.
Wanangu wawili wamefuata kazi
wasiyonambia bosi wake nani.
Haya, andika."

Dodoso lilikuwa na visanduku vitano:
uharamia, mipaka, mihadarati, itikadi kali, mengineyo.
Nikatia alama kwenye "mengineyo",
nikageuza karatasi, nikaandika nyuma
mpaka kalamu ikakwaruza.

Nyumba arobaini na tatu
zilininywesha kikombe kile kile.

Mkurugenzi, Bwana Mbarouk, aliisoma rasimu kasimama.
Si mtu mbaya. Ana presha, ana ada za watoto,
ana kikao Unguja Jumatatu saa tatu.
"Kisima si usalama wa taifa," akasema,
"kisima ni cha watu wa maji."
"Na waliokikimbia kisima, ni wa watu gani?"
Akavua miwani. Akaifuta kwa shati. Akaivaa.
"Tia kiambatisho cha nne."

Ndiko kiliko, ukurasa wa themanini na sita,
nyuma ya orodha ya vifupisho,
mahali wakubwa hawafiki
kwa sababu juisi hufika kwanza.

Ile methali ya ufa na ukuta nimeizuia isiingie ripotini.
Kila ninayemsikia akiisema
yupo upande usio na ufa.

Jumapili usiku nikamfungia mkoba:
nakala kumi na mbili, zimebanwa vizuri,
dawa zake za presha,
na chupa ya maji isiyo na karatasi ubavuni,
niliyoijaza kwa Mize.

Bwana Mbarouk huzungumza sana.
Koo humkauka mapema.