Kimo cha Herufi

Taipu ya mahkama yetu hapa Wete
imevunjika kidude kinachonyanyua herufi.
Kipuri kimeagizwa Unguja tangu Shaaban.
Mpaka kije, kila ninachokipiga
kinatoka kimekaa kitako.

Jumatatu tulikuwa na ugomvi wa mpaka.
Nikapiga: konde la mdai liko konde.
Bwana Asaa akavua miwani:
"Hili ni shamba, ni mji, au ni ngumi?"
Nikamwambia angoje,
kabla ya adhuhuri yatatimia yote matatu.
Shahidi wao, mkaazi wa ole
(nimemlaani mtu wa watu, hana kosa),
jina lake kombo,
na siku ile hakuna aliyesema yaliyonyooka kama yeye.

Ikaja Alkhamisi.
Mwanamme wa Mtambwe, kanzu ina mkunjo wa sanduku,
akakaa ukingoni mwa kiti, akasema niandike:
"Mimi sina tena subira."
Nikaandika. Nikaitazama karatasi.
Nikamuuliza: Ipi?

Kwani lugha yetu haitegemei sana ukubwa wa herufi.
Nimeiacha: kitu. Nimemwacha: mtu.
Silabi moja katikati ya kitenzi
na kila jirani anajua nani kalala nje.
Lakini "sina" haimtaji mtu wala kitu.
"Sina" ni mlango uliobaki wazi.

"Yule uliyemwoa," nikamwambia, "au ile ya moyoni?"
Akapangusa uso kwa kofia.
"Ziliingia nyumbani siku moja, dada.
Sikuangalia ipi iliyotangulia kutoka."

Sikuthubutu. Nikaifuta herufi ya mwanzo,
nikamwachia pengo, nikampa kalamu.
Na S, ole wangu, haina sura mbili,
ina kimo tu.
Akaandika moja ya katikati,
ndogo kwa mtu,
kubwa kwa jambo la moyoni.

Kadhi aliisoma mara tatu. Akaisogeza dirishani.
Kisha akatuma mtu Mtambwe,
aitwe mwenye jina, aje aseme mwenyewe
yeye ni ipi.

Chini kabisa, kama kawaida:
imepigwa na siajabu.
Ndilo jina nililopewa na bibi yangu.
Anayesoma atadhani ni maoni.