Daftari la Bomba

Ufunguo wa bomba naushika mimi, Mwashabani Semkiwa,
tangu kamati ilipomfumania mshika ufunguo wa kwanza
akiwauzia wafyatua tofali maji ya usiku.
Shilingi ishirini kwa ndoo. Nikikuandika, umelipa.
Nisipokuandika, usiniapie.

Daftari nililigawa kwa rula:
kushoto wenyeji, kulia wakimbizi.
Hakuna aliyeniagiza. Mkono ulijua wenyewe.
Wenyeji kwanza, hadi jua lichome utosi,
ndipo upande wa kulia usogeze madumu.

Walishushwa na malori mwaka ule mihogo ilipoliwa na nguruwe.
Wametoka Somalia, tukaambiwa,
nasi Kwamgunda tukaitazama mizigo yao
kama mtu anayemtazama mgeni akivua viatu
huku akihesabu sahani kichwani.

Nuriya alikuja na dumu lenye ufa,
ufa umezibwa kwa kipande cha sabuni.
Miaka tisa, labda kumi;
mama yake alihesabu kwa vita, si kwa miaka.
Akasimama kushoto.
Nikamwambia, kulia, mwanangu, na ungoje.
Kiswahili changu hakukielewa.
Akanitazama mdomoni, kisha akasema
taratibu, kama anayenisaidia mimi:
"Mazi."

Mazi.
Si maji. Mazi.
Neno la jikoni kwa bibi yangu,
neno lililonivisha kibao shingoni darasa la pili,
kibao cha mbao kilichonuka jasho la aliyenitangulia,
nikashinda nacho nikimvizia mwenzangu ateleze
nimvishe yeye.
Ndivyo tulivyokitema Kizigua, mmoja mmoja,
kama wanaotema mbegu za chungwa.
Na huyu, ambaye babu wa babu zake waliuzwa
kutoka vilima hivi hivi vya Handeni,
amekirudisha kwa dumu bovu
na hakikumwagika.

Ningependa kusema nililia, nikamkumbatia.
Sikulia. Nilimwambia angoje.
Foleni ilikuwa ndefu, na shemeji yangu Chambo
alikuwa akinong'ona kwa sauti ya kusikika
kwamba maji ni yetu, hawa watarudi kwao.
Kwao wapi, Chambo? Siku ile sikumwuliza.
Nilimwuliza wiki ya tatu, mbele ya watu,
akabeba ndoo zake bila kujibu,
moja ikamwagikia kiatu.

Watoto hawakusubiri kamati.
Mpini wa bomba ni mzito, hutaka wawili.
Nuriya alidaka upande mmoja,
Mhina, mtoto wa Chambo, akadaka wa pili,
na Nuriya akawa anahesabu: kow, laba, saddeh.
Kufikia Mfungo Mosi watoto wote wa Kwamgunda
walivuta maji kwa Kisomali
na kutukanana kwa Kizigua;
Kiswahili wakakiacha shuleni, kwa mwalimu.
Chambo alimsikia mwanawe akihesabu mbuzi kwa hesabu ile.
Akafunga mlango.
Baadaye akaufungua, maana mbuzi walitimia.

Daftari lile liliisha Mei. Jipya sikulipiga rula.
Usiniite mwema. Macho yangu yamechoka,
na sasa Nuriya ndiye anayeniandikia,
jina baada ya jina kama watu wanavyofika,
Chambo chini ya mama yake Nuriya,
kesho mama yake Nuriya chini ya Chambo.
Juu ya jalada ameandika kwa kalamu nyekundu
DAFTARI LA MAZI.

Bwana maji wa wilaya alikuja kukagua hesabu.
Akaligonga jalada kwa kidole:
"Hapa kuna kosa."
Nikamwambia kosa liko ukurasa wa nne,
ndoo mbili za fundi cherehani sijalipwa bado.
Akagonga tena palepale.
"Nani anafuata?" nikaita.