Mizani ya Manowari

Aliponipa kalamu, mhandisi wa Limbani,
"Meli," kasema, "ni tamu ikikaa mizanini;
uzito una hukumu, kama neno shairini,
ukizidi, hutadumu, utalala baharini."

Nikachora na taruma, na mkuku wa feleji,
minara miwili nyuma, miwili omo kwa maji,
boila sita zahema, zanywa mafuta ja uji;
zikashuka wima wima, dada watatu wa mji:

Kojani. Fundo. Njao.
Wete nzima ilikuja gudini kuzitazama.

Vita vilipofika, maombi yalikuja kwa bahasha za kahawia.
Kwanza rada. Kitu kidogo, walisema,
mfano wa kitanda cha kamba kilichosimamishwa juu ya mlingoti.
Tani nne.
Lakini tani nne kule juu si tani nne ngamani.
Hilo Shaame alinifunza kwa ufagio:
alifunga kopo la maziwa kwenye ncha,
akanipa nishike chini kabisa.
"Sasa tembea hadi mlangoni."
Sikufika.

Kisha mizinga midogo ya kupigia ndege, kumi na miwili, kisha ishirini na minne,
na kila mzinga na watu wake saba, na kila mtu na godoro lake, bakuli lake, na sanduku la risasi alilokalia akila,
na nafasi haikuwepo, tukatoa mashua, tukatoa topido, tukatoa hata chumba cha kinyozi,
na dohani tukaipunguza futi tano, usiku, mafundi wa Bopwe wakichomelea chini ya maturubai ili cheche zisionekane angani,
na bado ikayumba, tukaivisha mashavu ya chuma ubavuni, ikawa kama ng'ombe wa mchezo aliyelishwa mno kabla ya kutiwa uwanjani,
mafundo thelathini na mawili yakawa ishirini na saba.

Ramani ya awali ilikuwa nyeusi.
Nyongeza nilizitia kwa wino mwekundu.
Karatasi ya Njao ilikuwa imeiva.

Nahodha Khatib Mjaka alipanda ngazi mwenyewe,
buti zikidondosha maji kwenye sakafu yangu.
"Binti Massoud, nichoree mizinga minne mingine, pale tezi."
Nikamwambia mizani imekwisha.
Akavua kofia.
"Siku ile zilipokuja, ulikuwa wapi?"
Nyumbani, Utaani. Chini ya meza.
"Mimi nilikuwa nazihesabu. Arobaini na moja.
Hesabu hiyo nayo ichore."

Nikachora.
Sikumwita Shaame. Alikuwa ameenda kuswali,
na ningeweza kumngoja.

Haikupigwa, Njao. Hakuna aliyeipiga.
Ilikata kona kwa kasi yote kukwepa topido,
na topido ikapita, wakaishangilia;
manusura wanasema walikuwa bado wanashangilia.
Ikainama kama inavyoinama siku zote.
Ikakaa hapo. Ikafikiri.
Watu mia sita na wanane.

Shaame aliitandika ramani sakafuni, akapiga magoti,
akahesabu kwa kidole toka omo,
midomo ikicheza, kama mtu anayepima ubeti alioletewa na mwanafunzi.
Kidole kilipofika tezi kilisimama.
Hakuniuliza mwandiko ule ni wa nani.
Aliujua; ndiye aliyenifundisha.

Jumatatu Fundo iliingia gudini.
Bahasha ya kahawia ilikuwa imeshatangulia.

Wino huu wa mkono ungaliko palepale;
Njao chini, na mfano ukutani uko vile;
nimepunguza maneno, ili beti zisilale;
kituo nakata neno,