Kitenzi Kimoja, Usoke

Seminari niliiacha mwaka wa tatu,
ada ilipokwisha kabla ya imani.
Nilitoka na godoro, ndoo,
na daftari la Kigiriki lililoliwa na mchwa pembeni.
Sasa napima tumbaku chama cha msingi.
Daraja, kilo, makato.
Hata kikombe cha uji nikikishika kinanuka jani.

Ukurasa wa kumi na nane kuna neno
nililolipigia mistari miwili:
afiemi.
Padri Mhozya alilitamka kama anayepuliza pumba kwenye ungo.
"Msikimbilie samehe," alisema.
"Samehe lilifika hapa Unyanyembe na misafara,
limevaa kanzu, lina adabu zake.
Hili la Wagiriki linatembea pekupeku:
acha. Achia. Fungua vidole."

Wavuvi wa Galilaya, nyavu zikabaki mbichi mchangani: afiemi.
Mkwewe Petro, homa ikashuka kitandani ikaenda zake: afiemi.
Na katika sala tunayoisali huku tukiwaza mboga,
pale kwenye madeni, ni lilelile.

Nkwabi, ndugu yangu wa tumbo moja,
alichukua mifuko sita ya mbolea kwa dhamana yangu.
Soko likafungwa, hakuleta hata robota moja.
Tukasikia yuko Mpanda, anachimba dhahabu, ana simu mbili.
Makato yakaangukia jina langu,
mwaka huu, na mwakani.
Kila ninapofunga robota humtaja,
nikikaza kamba.

Juzi mama alishikwa na homa.
Usiku kucha Kalunde alimkanda kwa kitambaa,
mimi nikishika tochi ya simu.
Alfajiri jasho likamtoka, akaomba uji wa mtama,
akauliza, "Nkwabi amekula?"
Homa ilikuwa imemwacha.
Haikuomba radhi.
Haikurudisha pesa ya dawa mseto.
Ilimwacha tu, na mama akakaa kitako.

Nikalitafuta daftari.
Chini ya ile mistari miwili kuna sentensi
niliyoinakili mbiombio, kengele imeshalia:
usiku ule bustanini, rafiki zake wote
walimwacha, wakatoka mbio.
Pembeni nimeandika: *afiemi pia!*
kwa alama ya mshangao ya kijana wa miaka ishirini.

Sikuelewa. Labda hata sasa.
Kwamba aliyenikimbia, na mimi ninayetakiwa kumwachia,
tumepewa kitenzi kimoja tugawane,
kama tulivyogawana shuka utotoni:
huku ukivuta, kule mguu unabaki nje.

Leja ya chama siwezi kuifuta,
ina mhuri, ina katibu.
Kilo zitakatwa.
Ila jana, robota la mwisho nilipolifunga,
niliona kamba imenichora viganja
na sikuwa nimemtaja mtu.

Nikapiga simu yake ya kwanza. Haipatikani.
Ya pili ikaita.
Ikaita.